Jinsi ya kuipata RCC ukihamia Hiroshima: anza na redio, TV itafuata

Mtu akifika Japani, awe wa masomo au wa kazi, maswali yake ya kwanza ni laini ya simu na wapi wanauza unga. Stesheni ya redio au TV ya hapo mtaani haulizii mtu. Na mi nilikuwa hivyo hivyo, mwaka wangu wa kwanza Higashi-Hiroshima habari zote nachukua kwenye simu, najua Tokyo kumetokea nini, Dar kumetokea nini, alafu natoka asubuhi na begi nafika stesheni nakuta treni hazitembei tangu alfajiri na mji mzima unajua isipokuwa mimi. Mzee mmoja jirani ndo aliniambia, kwa Kijapani cha polepole kabisa, nunua redio ufungue RCC. Sasa haya ni maelezo ya kuipata na kuitumia, kwa anayekuja Hiroshima au ambaye tayari yupo ila anaishi kama mgeni.

Kwanza ujue unatafuta nini. RCC ni kampuni moja yenye redio na TV, makao yake jijini Hiroshima na inahudumia mkoa wa Hiroshima. Redio ilianza 1 Oktoba 1952, TV ikafuata Aprili 1959. Jina lake la Kijapani ni Chugoku Hoso na hapa wengi wanajikwaa, maana ukishajua Kijapani kidogo unasoma hayo maandishi unaona "Utangazaji wa China". Siyo China. Chugoku ni jina la hili eneo la magharibi ya Honshu, mikoa mitano, Hiroshima, Okayama, Yamaguchi, Shimane na Tottori, imetokea tu kwamba linaandikwa sawasawa na jina la China. Mi niliiruka kwenye rimoti miezi kadhaa nikidhani ni chaneli ya Wachina, usinicheke.

Kingine cha kuelewa, Japani hakuna stesheni ya TV ya biashara ya mawimbi ya ardhini inayorusha nchi nzima kwa jina moja kama tulivyozoea kwetu. Leseni zinatolewa kwa mikoa, mikoa mingi ina kampuni zake, alafu zinashikana mikono kwenye mitandao inayoongozwa na kampuni kubwa za Tokyo. RCC kwenye TV ipo JNN, mtandao wa stesheni 28 unaoongozwa na TBS, kwa hiyo tamthilia na vipindi vikubwa vya usiku ni vile vile vya Tokyo, ila mchana na jioni wanakata wanaleta vya kwao, habari za miji ya mkoa kama Kure na Fukuyama, bei ya chaza, barabara gani imefungwa. Hizo saa chache za nyumbani ndo unazozitafuta, hayo mengine utayapata popote.

Redio yenyewe

Nenda duka la vifaa vya umeme au hata maduka ya vitu vya nyumbani, ya yeni elfu mbili tatu inatosha kabisa, muhimu iwe na AM na FM, itumie betri, na FM yake ifike angalau 95. Hiyo namba ya 95 nitaeleza kwa kirefu maana ndo inawachanganya watu, na hata nyie mliobaki nyumbani itawahusu.

Zamani FM ya Japani ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90. Kuanzia 90 mpaka 108, pale ambapo kwetu ndo redio zote zimejaa, wao walikuwa wamepaweka TV za analojia, chaneli 1 hadi 3. Ndo maana ukinunua Vitz, IST au Demio iliyotoka Japani redio yake inagota 90, stesheni nyingi za kwetu huzipati mpaka fundi akufungie kile kidude cha kupanua masafa, ambacho kazi yake ni kuchukua mawimbi ya juu na kuyashusha yaingie kwenye uwezo wa hiyo redio. Siyo mbovu, imetengenezwa kwa anga la kwao. Sasa TV za analojia zilizimwa 24 Julai 2011 (mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko la Machi mwaka huo ikasogezewa mpaka Machi 2012), pale pakabaki wazi, serikali ikachukua kipande cha 90 mpaka 95 ikawapa kampuni za redio za AM ili warushe vipindi vile vile kwa FM kama akiba. Wenyewe wanaita waido FM. RCC ipo humo, 94.6 kwa jiji la Hiroshima.

Kwa hiyo, kwa Hiroshima mjini: AM ni 1350, FM ni 94.6, kipindi ni kile kile. Miji mingine ya mkoa ina minara yake na namba zake, usiniulize kwa nini 1350 haishiki vizuri Fukuyama, angalia namba ya mji wako kwenye tovuti ya RCC uandike kwenye karatasi ubandike nyuma ya redio. Na kama umekuja na redio yako kutoka nyumbani, ile ya 88 mpaka 108, usiitupe, itashika 94.6 bila shida, itakachokosa ni zile FM za chini ya 88. Ila chaja yake ya ukutani angalia, umeme wa huku ni volti 100, kama imeandikwa 220 peke yake haitafanya kazi, tumia betri.

Kati ya AM na FM uchague ipi? Ndani ya nyumba za zege AM inakwaruza sana, na ukiwa na chaja za simu na taa za LED karibu ndo kabisa. FM inasikika safi kama mnara upo jirani. Ila ukienda milimani, na mkoa huu ni milima mitupu, FM inakatika nyuma ya kilima cha kwanza tu wakati AM inapenya. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: kwenye AM ile antena ya kuvuta haina kazi, antena yake ipo ndani ya redio, kwa hiyo geuza redio yenyewe polepole kama unatafuta kibla mpaka sauti ijae. Kwenye FM ndo unavuta antena na kusogea dirishani. Na usiku usishangae 1350 ikaanza kuchanganyika na sauti za Kikorea au Kichina, AM usiku inasafiri mbali, hapo hamia 94.6 ulale.

Usinunue redio ya AM peke yake hata kama ni rahisi. Juni 2021 kampuni 44 kati ya 47 za AM za biashara Japani zilitangaza zinalenga kuhamia FM ifikapo vuli ya 2028, kuendesha minara ya AM ni gharama, na zilizobaki nje ya huo mpango ni za Hokkaido na Akita tu ambako ardhi ni kubwa na milima mingi. Kwa hiyo ile 94.6 inayoitwa ya akiba ndo inaelekea kuwa yenyewe.

Kwa simu

Kuna aplikesheni inaitwa radiko, ya bure, imekusanya karibu redio zote kubwa za Japani. Unapakua, unaruhusu isome ulipo, inakuletea stesheni za mkoa uliopo, RCC imo. Ukiwa Hiroshima unalipia bando tu. Ukisafiri kwenda Osaka RCC inapotea kwenye orodha zinakuja za Osaka, ukitaka kuisikia popote ndani ya Japani ndo unajiunga na huduma ya kulipia, kwa muda mrefu imekuwa yeni 385 kwa mwezi. Vipindi vilivyopita vya wiki moja nyuma unaweza kurudia bure, hiyo mi natumia sana kwa kujifunzia lugha, narudia dakika tano mara sita. Vichache vinafungwa kwa sababu ya haki za matangazo.

Sasa mbona nimesema redio kwanza wakati simu unayo mfukoni? Sababu mbili. Radiko inachelewa nyuma ya hewani kwa sekunde kadhaa na tahadhari ya tetemeko inakuja sekunde chache tu kabla ya mtikisiko, kwa hiyo ukiitegemea hiyo utaambiwa "tetemeko linakuja" wakati sahani zimeshadondoka. Pili, umeme ukikatika mnara wa simu nao una betri yake inayoisha. Japani yenyewe ililiona hili Machi 2011 tetemeko lilipopiga Tohoku, kaskazini mashariki, watu walibaki na redio za betri siku kadhaa. Kwa haki niseme, siku hizo radiko nao waliondoa mipaka ya mikoa kwa muda ili jamaa walio mbali wasikie redio za kule zinasema nini.

Wewe uliye nje ya Japani, radiko haifunguki. Kuna watu watakuambia tumia VPN, mi sikuelekezi huko. Habari za RCC zinawekwa YouTube na kwenye TBS NEWS DIG, tovuti ya pamoja ya stesheni za JNN, hizo zinafunguka. Na kama Kijapani bado, NHK WORLD-JAPAN, ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, wana habari kwa Kiswahili na masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, anzia hapo ndo urudi huku.

TV

Huku king'amuzi cha pembeni huhitaji, karibu kila TV iliyouzwa Japani baada ya mambo kwenda dijitali inacho ndani. Unachohitaji ni waya wa antena kutoka kwenye tundu la ukutani mpaka nyuma ya TV, nyumba nyingi za kupanga tundu lipo. Alafu TV nyingi, hasa za mtumba, zinatumia kadi ndogo inaitwa B-CAS, inachomekwa pembeni au nyuma ya TV, kwa TV hizo bila kadi chaneli hazifunguki. Mi nilinunua TV ya mtumba yeni elfu nne nikaibeba kwenye baiskeli kilomita tatu, nimefika nimewasha, maandishi meusi na namba ya kosa. Kadi haikuwepo. Nimerudi dukani wakanionyesha kikaratasi kidogo kimeandikwa "bila kadi", kweli kilikuwepo, kwa Kijapani, chini ya bei. Kwa hiyo kabla hujalipa mwambie muuzaji "B-CAS kaado arimasu ka" na uione kwa macho.

Ukishaunganisha washa, ingia kwenye mipangilio (設定), chagua kutafuta chaneli upya, itakuuliza mkoa na namba ya posta, weka ya hapo unapoishi siyo ya rafiki yako. Hiyo namba ya posta ina kazi nyingine nitasema. Ikimaliza kuskani, Hiroshima rimoti inakaa hivi: 1 NHK, 2 NHK ya elimu, 3 RCC, 4 Hiroshima TV, 5 Home TV, 8 TSS. Tatu ndo yako. Kama picha inaganda ganda na kuvunjika vipande, mara nyingi ni waya haujakaza, kaza kwanza kabla hujamuita mwenye nyumba.

Vitufe viwili vya kuvijua. Kimoja kimeandikwa 字幕, hicho kinaleta maandishi ya wanachosema, kwa anayejifunza lugha ni dhahabu. Kingine ni herufi d, ukibonyeza picha inasogea pembeni na yanakuja maelezo, hali ya hewa, mvua, tahadhari, na yanakuja ya mtaa wako kwa sababu ile namba ya posta uliyoweka inajua ulipo. Siku ya mvua kubwa mi naacha d imewashwa muda wote.

Na ndio, ukiwa na TV sheria inasema unaingia mkataba na NHK, kwa chaneli za kawaida za ardhini ni yeni 1,100 kwa mwezi tangu Oktoba 2023, hata kama unaangalia RCC peke yake. Wanafunzi wengi wana msamaha, ulizia ofisi ya wanafunzi mapema kabla bili haijaja. Redio peke yake haina ada yoyote, ilifutwa 1968, ndo sababu nyingine ya kuanza na redio.

Kusikiliza na kuelewa

Hapa ndo pa kuweka akili. Hiroshima ina milima inayoshuka mpaka kwenye nyumba za watu na udongo wake ni mchanga wa mawe yaliyooza, mvua ikizidi unamomonyoka kama uji. Agosti 2014 usiku mmoja tu vitongoji vya Asaminami na Asakita viliporomokewa, wakafa watu 77. Julai 2018 ikaja mvua nyingine iliyoua zaidi ya watu 200 magharibi ya nchi na Hiroshima ndo iliumia kuliko wote, Kure ikakatika barabara na reli, treni zikasimama wiki na wiki. Kwa hiyo Juni mpaka Septemba stesheni ya hapa hapa inakutajia mtaa wako kwa jina, ile ya Tokyo itakutajia mkoa.

Maneno ambayo sikio lako lazima liyakamate hata ukiwa unaosha vyombo: "keiho" ni onyo zito, "dosha" ni udongo na mawe, "hinan" ni kuhama kwenda mahali salama, "takadai" ni mahali pa juu, "teiden" umeme umekatika, "dansui" maji yamekatika, "unten miawase" treni zimesimamishwa. Ile ya mwisho ingeniokoa asubuhi nyingi. Tahadhari zina ngazi tano. Ngazi ya 3 ni wazee na wanaohitaji muda waondoke, ya 4 wote waliopo sehemu ya hatari waondoke, ya 5 ni kwamba imeshakuwa mbaya, okoa maisha hapo ulipo. Usisubiri 5. Ukisikia "reberu yon" na jina la mtaa wako, beba begi. Andika jina la kata yako na mtaa kwa Kijapani, umuombe Mjapani akusomee mara kadhaa mpaka ulijue kwa sikio, maana mtangazaji anayataja haraka kama kondakta wa Mbagala.

Ukishamaliza hayo ya hofu, raha yake ni besiboli. Hiroshima ina timu moja, Carp, na fikiria mji mzima wa Yanga bila Simba hata mmoja. Timu ilianza haina hela, 1951 ilipokaribia kufa mashabiki waliweka mapipa uwanjani watu wakatumbukiza sarafu, ndo ikapona, ikaja kuchukua ubingwa wa ligi mara ya kwanza 1975, na 2016, 2017 na 2018 wakabeba mfululizo. Msimu unaanza mwisho wa Machi, mechi nyingi ni usiku kuanzia saa kumi na mbili jioni, na redio ya RCC inazitangaza. Huhitaji kujua Kijapani kingi: "sanshin" mpigaji katolewa, "homuran" ni home run, mpira umepigwa mpaka nje ya uwanja, "gyakuten" waliokuwa nyuma wamepindua, na ukisikia "sayonara" usidhani kipindi kimeisha, maana yake wenyeji wameshinda kwa pigo la mwisho. Siku ya pili kazini ukisema "kinoo no Kaapu..." tu, watu ambao hawajawahi kukusalimia wanavuta kiti.

Utasikia pia lahaja ya hapa, watangazaji wa mchana wanaiachia tu. "Buchi" ni sana, "jaken" ni kwa hiyo, "taigii" ni ile hali ya mwili mzito hutaki kufanya kitu. Darasani hutafundishwa hizi.

Kutuma salamu

Mnakumbuka kadi za salamu? Huku bado zipo, zimehamia tu kwenye barua pepe na fomu za tovuti. Kila kipindi kinataja mada ya siku na anwani, unaandika mistari minne mitano. Hutumii jina lako, unajitungia jina la redioni, wanaita "rajio neimu", unaweka na mji unaoishi. Andika kifupi, kisa kimoja tu, kiwe cha hapa hapa Hiroshima, na weka furigana, zile herufi ndogo za kuonyesha matamshi, juu ya jina lako ili mtangazaji asikwame, mi sikuweka. Niliandika kuhusu siku nilipokaanga mihogo hosteli kengele ya moto ikalia, nikajiita Muhogo wa Saijo (Saijo ni sehemu ya Higashi-Hiroshima), ikaja kusomwa siku ya tatu mchana wakati nipo maktaba na earphone sikio moja. Yule dada alirudia "Mu... Muho... Muhogo-san?" mara tatu, mwenzake akamuuliza ni chakula au ni mtu, wakacheka, wakaweka muziki. Nilirudia kipande hicho kwenye radiko mara nyingi mpaka muda wake ukaisha.